Barua ya wazi kwa uongozi wa redio yetu: kipima mvua hakipigiwi kura

Kwa: Meneja wa kituo, mhariri wa vipindi na watangazaji wa mjadala wa Jumamosi asubuhi
Nakala: Viongozi wa wilaya na kata mnaoalikwa studio

YAH: JINSI MNAVYOENDESHA MJADALA WA CHANZO CHA MABADILIKO YA TABIANCHI

Waheshimiwa,

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Nawaandikia kwa heshima, na jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa ninyi mnajijua na sina nia ya kuwapunguzia wasikilizaji. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe mapokezi. Ya pili nilimkabidhi mtangazaji mkononi, akaipokea vizuri na kuahidi kuisoma. Ya tatu niliituma kwa mhariri. Nimepiga simu kwenye kipindi mara nne, na mara mbili nilikatwa kabla sijamaliza sentensi. Zaidi ya miezi saba imepita bila jibu, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, Wilaya ya Chamwino, mwaka wa 19 sasa. Kwetu ni Kondoa.

Lililonisukuma kuandika lilitokea katika juma moja. Jumamosi mada yenu ilikuwa hii: mabadiliko ya tabianchi yanaletwa na binadamu au ni maumbile tu? Mlikuwa na mgeni mmoja kila upande, dakika sawa kwa kila mmoja, na wasikilizaji mkawaomba wapige kura kwa ujumbe mfupi. Mwisho wa kipindi mtangazaji akasema, "Maumbile yameshinda." Jumatatu niliingia kidato cha tatu kufundisha mada hiyohiyo. Msichana mmoja, miongoni mwa wanafunzi wangu bora, akanyoosha mkono akaniuliza bila ujeuri wowote: "Mwalimu, kwani si ilishaamuliwa redioni?"

Jumatano, kwenye masafa yaleyale, mkampa kipaza sauti kiongozi mmoja. Aliwaambia wananchi kwamba wachoma mkaa ndio walioleta mabadiliko ya tabianchi na ndio walioua mvua. Ijumaa kukawa na mkutano wa kijiji. Mama mmoja jirani yangu, anayechoma magunia machache ya mkaa kila kiangazi ili alipe michango ya shule na kununua sare, alisimamishwa mbele ya watu akaambiwa ajieleze kwa nini uwele wa kijiji kizima umekauka. Uwele wake nao ulikuwa umekauka. Mwanawe ninamfundisha. Alikuwa amesimama nyuma ya mkutano, akitazama chini.

Kwa hiyo Jumamosi hakukuwa na mwenye makosa, na ilipofika Jumatano makosa yote yakawa ya mama huyu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnapigisha kura jambo linalopimwa.

Yapo mambo ambayo kura inayafaa: soko lijengwe wapi, ada ya maji iwe kiasi gani. Lakini chanzo cha joto la dunia hakibadiliki kwa sababu watu mia tatu wametuma ujumbe. Shuleni kwetu tuna kipima mvua. Kikionyesha milimita 12, darasa zima hata likipiga kura kwamba ni 40, maji ndani ya chupa hayaongezeki.

Na chanzo hiki kimepimwa kwa muda mrefu kuliko mnavyowaacha watu wadhani. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani alionyesha kwamba hewa ukaa (gesi ya kaboni dioksidi) ikipigwa na jua hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwamba gesi hiyo ikiongezeka angani dunia itapata joto. Tangu 1958, juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, gesi hiyo inapimwa mfululizo. Mwaka huo ilikuwa sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa imepita 420, na kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280.

Mgeni wenu alisema ni jua. Basi tulifuate jua lenyewe. Satelaiti zinapima nguvu yake tangu 1978. Hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takribani miaka 11, lakini katika miaka hii ambayo joto la dunia limekuwa likipanda, jua halikupanda pamoja nalo. Kuna pia ushahidi wa pili, ambao wanafunzi wangu huuelewa haraka kwa sababu wengi wana bibi na babu wanaoishi kwenye tembe. Usiku, moto wa jikoni ukiwa uleule, ukiongeza udongo juu ya dari, ndani joto linazidi na juu ya paa panapoa, kwa kuwa joto linazuiwa lisitoke. Lakini moto wenyewe ukikua, ndani na juu ya paa kote kutapata joto. Vipimo vya anga vinaonyesha hali ile ya kwanza: hewa ya chini tunayoishi inapata joto, na hewa ya juu sana imepoa. Jua lingekuwa ndilo lililoongeza nguvu, hewa ya juu nayo ingepata joto.

Akasema tena ni volkano, akautaja Ol Doinyo Lengai. Mlima huo ni jirani yetu na ulilipuka kweli mwaka 2007 na 2008. Lakini volkano zote za dunia zikijumlishwa hazifikishi hata asilimia moja ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu kwa mwaka. Mlipuko mkubwa wa Pinatubo kule Ufilipino mwaka 1991 uliipoza dunia kwa muda, kwa kuwa vumbi lake na gesi zake zilizuia mwanga wa jua. Tena kaboni inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta ina alama yake: imefukiwa mamilioni ya miaka hata ile kaboni yenye mionzi, inayopatikana katika vitu vilivyo hai, imekwisha ndani yake. Alama hiyo inaonekana katika hewa tunayovuta leo.

Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu, IPCC, liliandika kwamba hakuna shaka binadamu ndiye aliyepasha joto anga, bahari na nchi kavu. Muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la juu kwa takribani nyuzijoto 1.1 kuliko nusu ya pili ya karne ya 19. Mtangazaji wenu hakuyasema haya hata mara moja. Alisema, "Wengine wanaamini hivi, wengine wanaamini vile."

2. Mnachanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo unatuumiza hapa Dodoma kuliko pengine popote.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo mniruhusu nilieleze kwa urefu.

Kuna joto la dunia, ambalo kwa sehemu kubwa linatokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Ukataji wa misitu duniani kote unachangia, takribani sehemu moja ya kumi ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu. Halafu kuna uharibifu wa ardhi yetu hapahapa: mlima kubaki kipara, maji kukimbia badala ya kuzama, udongo kwenda na maji, korongo kufunguka katikati ya shamba. Haya yanakutana shambani kwa mtu mmoja, lakini vyanzo vyake si kimoja na dawa zake si moja.

Mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibiwa na mmomonyoko Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Baba yangu aliwapeleka ng'ombe wake kwa ndugu nje ya eneo lililofungwa, na hawakurudi wote. Alikubali. Watu wa mradi walipopita, alisema, waliwaambia wanakijiji kwamba ng'ombe wakiondoka ardhi itapona, na mvua nayo itarudi.

Ardhi ilipona. Ninyi wenyewe pandeni Kolo au Haubi mkaone: vilima vilivyokuwa vyekundu vina miti, na korongo nyingi zimeota nyasi. Kazi ile ilikuwa ya kweli na ninaiheshimu hadi leo. Lakini mvua haikufuata agizo la mradi. Mvua ya kanda yetu inategemea sana hali ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Maji ya chini ya ardhi ya Makutupora, yanayonywewa mjini Dodoma, yamepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vinaonyesha kwamba hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kisha yanashuka miaka mingi. Hakuna ng'ombe wa baba yangu aliyeweza kuiamrisha Pasifiki.

Ulipokuja mwaka mbaya, baba alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba akasema: "Walisema ng'ombe wakiondoka mvua itarudi. Ng'ombe wameondoka. Mvua iko wapi?" Tangu siku hiyo hakumwamini tena mtu yeyote wa serikali katika habari za udongo. Makinga maji aliyoyachimba kwa mikono yake akayaacha yakafukiwa, na yale yalikuwa na faida ya kweli. Alikufa akiamini kwamba alidanganywa katika yote, kumbe alidanganywa katika moja.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza ninaposikia kiongozi akisema redioni kwamba mkaa umeua mvua. Najua anataka miti ipone, nami nataka hivyohivyo. Lakini mwanakijiji atakayeacha mkaa mwaka huu akingojea mvua ya mwakani, na mwakani isinyeshe, atarudi msituni na shoka, na safari ile hatasikiliza tena. Mwambieni ukweli ambao hautamgeukia: ukilinda machipukizi ya kisiki hai, yaani kisiki cha mti uliokatwa ambacho bado kinachipua, shamba litakuwa na kivuli, udongo utashika maji ya mvua ileile ndogo, na korongo halitafika mlangoni kwako. Ahadi hizi zinatimia.

Tena ukweli huo unakuwa na nguvu zaidi ukimweleza na joto la dunia. Hewa ikipata nyuzijoto moja zaidi, inaweza kubeba mvuke takribani asilimia 7 zaidi. Ikimwaga, inamwaga kwa nguvu. Wazee wa Mpwapwa wanakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yaliyozoa Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Sisemi mafuriko yale yaliletwa na joto la dunia peke yake. Tukio moja haliamuliwi kirahisi hivyo. Nasema kwamba mvua ya namna hiyo ikikuta mlima kipara, madhara yanajumlishwa. Huyu ndiye mkulima wetu: anapigwa na la mbali na la karibu kwa siku moja. Anastahili kuambiwa lipi ni lipi.

3. Lawama yenu inashuka kwa mnyonge peke yake.

Kwa hesabu ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania mmoja hafikishi nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani mmoja anapita tani 13. Mkimwambia mama yule kwamba yeye ndiye mleta mabadiliko ya tabianchi, mmemwondolea haki ya kudai. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris, ule wa mataifa wa kuzuia joto la dunia lisizidi, mwaka 2018. Mwaka 2022, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, kwa sababu nchi maskini zilisimama zikasema: sisi si wenye kosa kubwa, na ndio tunaoumia. Wawakilishi wetu wanasema hayo nje ya nchi, kisha huku nyumbani redio inamsimamisha mchoma mkaa mbele ya mkutano.

Na kama mnataka historia ya kufyeka katika mkoa huu, nendeni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta kung'oa vichaka ili ilime karanga, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama tofali, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Si wanakijiji walioupanga.

4. Wageni wenu ni walewale.

Tangu mwaka jana nimeandika kwenye daftari. Vipindi sita vya mada hii, na bwana yule wa "ni maumbile" alikuwepo katika vitano. Mtaalamu wa hali ya hewa alikuja mara moja, akapewa dakika 9. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Najua majibu mtakayotoa, kwa maana mengine nimeshayasikia mapokezi.

Mtasema redio lazima iwe na mizania. Mizania ni kumpa kila mmoja uzito wa ushahidi alioubeba. Mzani wa sokoni Majengo ukiinama, hakuna anayemlaumu muuza mtama kwa kuonea upande mmoja.

Mtasema ukame haukuanza leo, na mtautaja Mtunya. Ni kweli. Njaa ya Mtunya iliwaua Wagogo wengi sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, na hakuna anayefundisha kwamba ukame ulizaliwa na viwanda. Lakini Mtunya haukuletwa na jua peke yake: majeshi yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Wazee wetu walijua kabisa kutofautisha kilicholetwa na mbingu na kilicholetwa na watu. Nasi tunaweza.

Mtasema hata wanasayansi wanabishana. Wanabishana, na hilo ndilo ningependa mlitangaze. Theluji ya Kilimanjaro ilipungua kwa takribani asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, na wataalamu wamejadiliana kwa miaka ni kiasi gani cha upungufu huo kimetokana na joto na kiasi gani na ukavu wa hewa. Hata mvua ya Afrika Mashariki, itaongezeka au itapungua, bado wanaitafuta. Mjadala wa namna hiyo ni wa kweli, una vipimo pande zote, nami ningewaweka wanafunzi wangu wausikilize. Lakini hawabishani kama kuchoma makaa ya mawe na mafuta kunaipasha dunia joto.

Mtasema wasikilizaji wengi wanaamini ni mapenzi ya Mungu. Mimi pia ni muumini, na sijaona popote imani ikinikataza kusoma kipimajoto.

Basi ninaomba haya:

Kwanza, acheni kupigisha kura juu ya chanzo. Pigisheni kura juu ya tunachotaka kifanyike.

Pili, kabla ya mada hii kurudi hewani, zungumzeni na Mamlaka ya Hali ya Hewa na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Wako hapahapa mjini.

Tatu, kiongozi akisema "mabadiliko ya tabianchi" studio kwenu, mtangazaji amuulize: unazungumzia joto la dunia au ardhi ya kijiji hiki? Ni swali moja tu, halimvunjii mtu heshima.

Nne, fungueni mijadala inayotuhusu kweli. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mama wa Chamwino atajaza mtungi wa gesi kwa fedha ipi? Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga linapita Chemba na Kondoa. Linaleta ajira na mapato, na limekusudiwa kubeba mafuta yatakayochomwa. Wekeni pande zote mbili mezani, kwa kuwa hapo pande mbili zipo. Sijasikia kipindi hata kimoja.

Tano, na hili ndilo ninaloliomba kwa msisitizo kuliko yote: rudini hewani siku ya Jumatano, saa ileile, mseme kwamba wachoma mkaa wa Chamwino hawakuua mvua. Msiwasifu, wala msiwaambie waendelee kukata. Semeni hilo tu, kwa uwazi uleule uliotumika kuwashutumu. Yule kijana yuko kidato cha tatu, na tangu mkutano ule hanyooshi mkono darasani.

Daftari la kipima mvua la shule yetu lina miaka 11 ya vipimo vilivyoandikwa na wanafunzi kwa zamu, hata wakati wa likizo. Niko tayari kuja nalo studio Jumamosi yoyote. Naomba mnijulishe mapema, walau Jumanne, ili niombe ruhusa kwa mkuu wa shule na nitafute nauli ya wanafunzi wawili nitakaokuja nao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Wilaya ya Chamwino, Dodoma